Kuhesabu Herufi, Kukisia Neno au Kujaribu Funguo Zote: Msimbo Uuvunje kwa Njia Ipi?

Wanaoanza kuchambua misimbo huuliza swali moja kuliko yote. Mtu ana mistari kadhaa ya herufi zisizoeleweka, hana ufunguo, na anataka kujua atumie njia gani kuisoma. Wengi hukimbilia kuuliza ni kompyuta yenye nguvu kiasi gani itakayotosha. Ninavyoona, swali la kwanza ni jingine: msimbo huu unavuja nini? Ukilijibu hilo, ukajua pia urefu wa maandishi uliyonayo na lugha yaliyoandikwa kabla ya kufichwa, njia ya kutumia itakuwa imejichagua yenyewe.

Humu nitaita matini wazi yale maneno yalivyokuwa kabla ya kusimbwa, na matini fiche yalivyo baada ya hapo. Kusimbua ni kazi ya mwenye ufunguo, kuvunja ni kazi ya asiye nao.

Kwanza, je, ni msimbo kweli?

Sehemu kubwa ya yanayodhaniwa kuwa msimbo si msimbo. Base64, ile mistari ya herufi kubwa na ndogo zilizochanganyika na tarakimu, mara nyingi ikimalizikia kwa alama ya =, haina ufunguo wowote. Ni namna ya kuandika data ili ipite salama kwenye mifumo inayokubali maandishi tu, na programu yoyote itaifungua papo hapo.

Hashi, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye data, nayo ina tabia yake: urefu haubadiliki. MD5 hutoa tarakimu 32 za heksadesimali, SHA-256 hutoa 64, uwe umeingiza neno moja au kitabu kizima. Hashi haisimbuliwi kwa sababu matini yenyewe haimo ndani. Unachoweza kufanya ni kukisia matini, kuipitisha kwenye hashi ileile, kisha kulinganisha. Wanaotangaza kwamba "wanafungua" MD5 wanatafuta tu kwenye orodha kubwa ya maneno ambayo hashi zake zilikwisha kukokotolewa. Migongano iliyopatikana kwenye MD5 mwaka 2004 na kwenye SHA-1 mwaka 2017 ni habari nyingine: inawezesha kutengeneza faili mbili zenye hashi moja, wala haimrudishii mtu nenosiri lake.

Ukishajiridhisha kwamba ni msimbo, njia kuu zinazoshindania nafasi ni hizi (misimbo inayotajwa humo nitaieleza nikiifikia):

| Njia | Inahitaji | Inafaa | Inakwama |
|---|---|---|---|
| Kuhesabu herufi | Matini fiche ya kutosha, lugha inayojulikana | Herufi moja kubadilishwa na nyingine moja | Ujumbe mfupi sana |
| Kutafuta marudio | Matini fiche ndefu mara nyingi kuliko ufunguo | Vigenère na jamaa zake | Ufunguo wenye urefu sawa na ujumbe |
| Kukisia neno | Neno unalojua kuwa limo | Enigma, ZIP ya zamani, ufunguo uliotumika mara mbili | AES iliyotumika vizuri |
| Kujaribu funguo zote | Funguo chache na mashine | Kaisari, DES, nenosiri fupi | Ufunguo wa biti 128 au zaidi |

Kuhesabu kwa mkono, au kuiachia programu

Maelezo ya kale zaidi tuliyonayo kuhusu njia ya kuhesabu ni ya al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Hoja yake haijachakaa: kila lugha ina herufi zinazopendwa na zinazokwepwa, na ukizibadilisha sura hubadilishi wingi wake.

Kiswahili hapa kinavuja sana, kupita Kiingereza. Katika Kiingereza herufi inayoongoza ni E, karibu moja katika kila nane. Katika Kiswahili A huchukua takriban moja katika kila tano. Isitoshe, maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, Q na X hazitumiki kabisa, na C haitembei bila H nyuma yake. Tazama ujumbe huu uliosimbwa kwa kusogeza kila herufi hatua zilezile, msimbo unaoitwa wa Kaisari:

    WXWDNXWDQD NHVKR DVXEXKL

Ukihesabu, D ni 4, X ni 4, W ni 3. D na X zimefungana, kwa hiyo hesabu peke yake haijaamua A ni ipi. Sasa tazama miisho ya maneno: D, R, L. Hizo tatu karibu hakika ni irabu, na X haimo. Tukichukua D kuwa A, msogeo ni hatua 3, na neno la kwanza linaanza TUTA. Tukichukua X kuwa A, linaanza ZAZG. Hakuna haja ya kuendelea na la pili. Ujumbe ni "tutakutana kesho asubuhi". Kumbuka kwamba kilichotuokoa ni nafasi kati ya maneno. Kama mwandishi angezifuta, dalili ya miisho ingepotea, na ndiyo maana wasimbaji makini huandika herufi katika mafungu ya tanotano.

Kwa msogeo wa Kaisari, kusema kweli, hata kuhesabu ni kujisumbua: misogeo ni 25 tu, iandike yote. Kazi ya kuhesabu huonekana pale ambapo kila herufi imepewa nyingine bila mpangilio. Hapo funguo zinazowezekana ni takriban 4 ikifuatwa na sifuri 26. Kujaribu zote haiwezekani, lakini penseli na subira vinatosha, kwa sababu msimbo huo haujaficha wingi wa herufi.

Programu hufanya kazi hiyohiyo kwa njia inayoitwa kupanda kilima. Inaanza na ufunguo wowote, inabadilishana herufi mbili, kisha inayapa matokeo alama kulingana na jinsi mafungu ya herufi nnenne yanavyofanana na ya lugha husika. Badiliko likiongeza alama linabaki, likipunguza linatupwa. Kwa ujumbe wa herufi mia mbili au tatu, jibu huja ndani ya sekunde chache.

Uchague ipi? Ujumbe ukiwa mrefu na lugha ikijulikana, chagua programu bila kusita. Lakini kagua kwanza takwimu zake ni za lugha gani. Zana nyingi zinazopatikana bure zimelishwa Kiingereza, na ukiziletea matini ya Kiswahili zitang'ang'ania kukutafutia THE na TION zisizokuwepo, kisha zikupe takataka yenye alama nzuri. Tafuta zana inayokubali uipe matini yako ya mfano, uiwekee kurasa kadhaa za Kiswahili cha kawaida. Ikishindikana, rudi kwenye mkono: mtu anayejua kwamba NA, YA, WA na KWA hujaa kila mahali ataishinda programu inayofikiri Kiingereza.

Kuna pia urefu ambao chini yake hakuna njia itakayosaidia. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1949 kwamba kila msimbo una kiwango cha chini cha matini kinachohitajika ili jibu liwe moja tu. Kwa msimbo wa kubadilisha herufi kwa herufi katika Kiingereza ni kama herufi 28. Mtu akikuletea herufi 12 na kudai ameshazivunja, muombe akuonyeshe kwa nini jibu lake ni bora kuliko mengine mengi yanayoingia humohumo.

Vigenère: marudio au kipimo cha ulingano

Msimbo unaoitwa wa Vigenère, ambao kwa hakika ulielezwa na Giovan Battista Bellaso mwaka 1553, hutumia neno la siri kubadilisha msogeo kwa kila herufi. Kuhesabu moja kwa moja hakusaidii tena. Chukua "watoto wale wawili wanakula" na neno la siri SIRI:

    WATO TOWA LEWA WILI WANA KULA
    SIRI SIRI SIRI SIRI SIRI SIRI
    OIKW LWNI DMNI OQCQ OIEI CCCI

Angalia fungu la mwisho: K, U na L zote zimegeuka kuwa C. Hapo ndipo mhesabuji wa herufi anapopotea.

Lakini sarufi yetu ya upatanisho imeacha nyayo. WA imejirudia mara nne, kwa sababu watoto wanadai wale, wawili na wanakula. Mara mbili imeangukia sehemu ileile ya ufunguo na kutoa OI, umbali wa herufi 16. Mara nyingine mbili imetoa NI, umbali wa herufi 4. Zote zinagawanyika kwa 4, na 4 ndio urefu wa SIRI. Hii ndiyo njia aliyoichapisha Friedrich Kasiski mwaka 1863. Charles Babbage alikuwa ameigundua kabla yake bila kuitangaza. Humo pia mna CC mbili zilizofuatana, umbali wa 1, ambazo ni sadfa tupu. Kwa hiyo usiamini jozi za herufi mbili kwenye ujumbe mfupi. Tafuta marudio ya tatu au zaidi kwenye ujumbe mrefu.

Njia mbadala ni kipimo cha William Friedman cha miaka ya 1920: uwezekano kwamba herufi mbili ulizookota bila kuchagua zitakuwa sawa. Herufi za bahati nasibu hutoa karibu 0.038, Kiingereza 0.067, na Kiswahili hupanda juu zaidi kwa sababu ya wingi wa A. Unakisia urefu wa ufunguo, unaipanga matini fiche katika safu kwa urefu huo, unapima kila safu. Urefu sahihi unajitokeza kwa vipimo kuruka juu.

Kwa mkono, Kasiski ni rahisi na inafurahisha. Kwa kompyuta, chagua Friedman: haitegemei marudio ya bahati, na inafanya kazi hata mwandishi akiwa amekwepa kurudia maneno. Ukishapata urefu, kila safu ni Kaisari tu, na unarudi kwenye kuhesabu.

Pale kukisia kunapoushinda wingi wa funguo

Enigma, mashine ya kusimba ya jeshi la Ujerumani, kwa magurudumu matatu yaliyochaguliwa kati ya matano na nyaya kumi za kubadilishana herufi, ilikuwa na mipangilio takriban 159 ikifuatwa na sifuri 18. Linganisha na DES, msimbo uliokuwa kiwango rasmi cha Marekani kuanzia 1977, wenye funguo 72 na kitu zikifuatwa na sifuri 15. Enigma ilikuwa na funguo zaidi ya mara 2,000 kuliko DES. Hata hivyo mipangilio yake ya awali, iliyokuwa michache zaidi, ilisomwa miaka ya 1930 na wanahisabati wa Poland wakiongozwa na Marian Rejewski, kisha hiyo kamili ikasomwa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo, wakati wa vita, miongo mingi kabla ya DES kuanguka. Kwa wanaopima usalama kwa idadi ya funguo pekee, nafikiri mfano huu mmoja unatosha kuwafanya wafikiri upya.

Kilichovuja ni hiki: kwa sababu ya jinsi umeme ulivyorudishwa ndani ya mashine, Enigma haikuweza kamwe kuisimba herufi ikawa ileile. Tuseme unajua taarifa inazungumzia hali ya hewa na mna neno WETTER (hali ya hewa kwa Kijerumani), nawe una herufi KXTTBQWLE. Unalitelezesha neno chini yake:

    KXTTBQWLE
    WETTER      T juu ya T: haiwezekani
     WETTER     T juu ya T: haiwezekani
      WETTER    inabaki
       WETTER   inabaki

Nafasi mbili kati ya nne zimekufa bila kujaribu ufunguo hata mmoja. Nafasi zilizobaki ndizo zilizolishwa mashine za Alan Turing na Gordon Welchman ili zitafute mipangilio inayokubaliana nazo.

Kukisia kunashinda kuhesabu kila unapojua jambo kuhusu mwandishi: salamu zake, tarehe, muundo wa faili. Kunashinda zaidi pale ambapo ufunguo wa kutumika mara moja umetumika mara mbili. Ufunguo wa bahati nasibu wenye urefu sawa na ujumbe hauvunjiki kabisa, na Shannon alithibitisha hilo. Lakini ukisimba nao jumbe mbili, ukizitoa matini fiche moja kwa nyingine ufunguo unafutika, na kinachobaki ni matini wazi mbili zilizoshikana. Hapo neno la kukisia kwenye ujumbe mmoja likitoa maneno yanayosomeka kwenye wa pili, umelipatia. Wachambuzi wa Marekani katika mradi wa Venona, ulioanza 1943, walisoma hivyo sehemu ya mawasiliano ya Wasovieti kwa kuwa kurasa za funguo zilikuwa zimerudufiwa.

Na usidhani lazima uchague kati ya kichwa na mashine. Msimbo wa alama 340 uliotumwa na muuaji aliyejiita Zodiac mwaka 1969 ulivunjwa Desemba 2020 na David Oranchak, Sam Blake na Jarl Van Eycke. Programu ilipitia namna nyingi sana za kuzisoma alama zile, na jicho la binadamu ndilo lililotambua vipande vya maneno katika mojawapo na kuvishikilia.

Kujaribu funguo zote, na pale hisabati inapodai kuwa na njia fupi

DES ina ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998 EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, lilijenga mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000 za Marekani, ikaupata ufunguo kwa saa 56. Kabla ya hapo, Eli Biham na Adi Shamir walikuwa wameonyesha shambulio la tofauti, linalohitaji matini 2^47 ambazo mshambuliaji amezichagua mwenyewe, na Mitsuru Matsui shambulio la mstari, linalohitaji jozi 2^43 za matini wazi na matini fiche. Kwenye karatasi yote mawili yanashinda kujaribu funguo zote. Kwa vitendo, nani atakusimbia matini trilioni 8.8 kwa ufunguo mmoja ili uzichambue? Kujaribu funguo zote kunahitaji jozi moja au mbili tu. Unapolinganisha mashambulizi, usiangalie hesabu ya hatua peke yake. Uliza data itatoka wapi.

AES, msimbo uliochukua nafasi ya DES, ni mazungumzo mengine. Ufunguo wa biti 128 ni mmoja kati ya 34 ikifuatwa na sifuri 37. Tuseme una mashine bilioni moja, kila moja ikijaribu funguo trilioni moja kwa sekunde: kuzimaliza zote kutachukua takriban miaka bilioni 11. Shambulio lililochapishwa mwaka 2011 lilipunguza kazi hadi 2^126.1, yaani karibu robo, na robo ya miaka bilioni 11 haimsaidii mtu yeyote. Kwa hiyo anayeuliza "AES ivunjweje" ninamjibu aache AES yenyewe, atazame vinavyoizunguka.

Mara nyingi kinachoizunguka ni nenosiri. Nenosiri la herufi ndogo sita lina uwezekano 308,915,776, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza upesi kama hakuna kinachoichelewesha. Herufi ndogo 12 zilizookotwa bila kuchagua hufikia zaidi kidogo ya funguo zote za DES. Ndiyo maana kazi za kuhashi nenosiri kama bcrypt na Argon2 zilibuniwa ziwe nzito kwa makusudi, ili kila jaribio liwe na gharama. Dhidi ya watu halisi, orodha ya maneno hushinda kujaribu kila mchanganyiko, kwa sababu watu hawaokoti herufi, wanachagua majina na tarehe.

Kisha kuna njia za pembeni. Paul Kocher alionyesha mwaka 1996 kwamba muda ambao mashine inautumia kukokotoa unaweza kufichua ufunguo wa siri. Njia hizo zina nguvu kubwa, lakini lazima uwe karibu na mashine inayosimba, au angalau uweze kuipima. Kama ulicho nacho ni karatasi ya matini fiche tu, zisahau.

Faili la ZIP ulilosahau nenosiri lake

Hili huulizwa mno, nalo linaonyesha vizuri kwa nini uchaguzi wa njia ni muhimu. Nazungumzia faili lako mwenyewe, au la mtu aliyekupa ruhusa.

Anza kwa kuangalia limefungwa kwa mfumo upi. Programu nyingi za kufungua ZIP huonyesha hilo kwenye sifa za faili. Ukikuta ni ule mfumo wa zamani wa PKZIP, usihangaike na nenosiri kwanza. Biham na Kocher walichapisha mwaka 1994 shambulio la matini inayojulikana dhidi yake, na zana ya bkcrack hulitekeleza ukiwa na baiti 12 tu za yaliyomo, nane kati yake zikifuatana. Kama ndani mna picha au hati ambayo nakala yake bado unayo mahali pengine, umepata zaidi ya unachohitaji. Angalia tu kwamba nakala yako ibanwe kwa njia ileile iliyotumika kwenye ZIP, maana shambulio linalinganisha data iliyokwisha kubanwa. Hata nenosiri lako liwe na herufi 30, faili litafunguka.

Ukikuta ni AES, nakala hiyo haina kazi tena, na kilichobaki ni kukisia nenosiri. Hapo andika kila kipande unachokumbuka: neno ulilopenda kuanzia nalo, kama uliweka herufi kubwa mwanzoni, tarakimu ngapi mwishoni, alama gani. Zipe zana za kukisia nenosiri, kama hashcat au John the Ripper, muundo huo badala ya kuziachia mchanganyiko wote. Ukikumbuka kwamba ni neno moja kati ya maneno yako kama 50 likifuatwa na tarakimu nne, una majaribio 500,000, na hata kazi nzito inayochelewesha kila jaribio haitaizuia kompyuta yako kuyapitia yote.